Maswali Yenu: Friji ya Boti Inazimika Usiku, Betri Ingali na Chaji

SWALI: Ndugu mhariri, nina boti ya abiria katika Bwawa la Mtera. Nimeifunga friji ya mtumba ya volti 12, kompresa yake ni Danfoss BD35. Betri iko nyuma, friji iko mbele, kama mita tano hivi, na nimetumia waya wa taa wa 1.5 mm². Mashine ikiwaka friji inapoza vizuri. Nikiizima, haipiti muda friji nayo inazimika, wakati betri inasoma 12.3. Fundi anasema kompresa imekufa. Ni kweli?
Msomaji, Mtera, Mpwapwa

JIBU: Usinunue kompresa. Ingekuwa imekufa isingepoza hata mashine ikiwaka. Ugonjwa uko njiani, kati ya betri na friji.

Friji hii haihitaji inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ubavuni mwa kompresa kuna kisanduku cha elektroniki kinachopokea umeme wa betri na kuugeuza uwe wa kuzungusha mota. Kisanduku hicho pia kinailinda betri: volti zikishuka hadi 10.4 kinakata, na hakirudishi mpaka zifike 11.7. Shida ni kwamba kinapima volti zinazokifikia chenyewe, si zilizopo kwenye vichwa vya betri. Mashine ikichaji, volti hukaribia 14, hivyo zikipotea njiani bado zinabaki za kutosha. Ukiizima, hiyo ziada huna tena.

Waya wa 1.5 kwa mita tano, kwenda na kurudi, hula takriban volti 0.6 kompresa ikivuta ampea 5. Viungo vyenye kutu huongeza hasara, na kompresa inapoanza kuzunguka ndipo volti huporomoka zaidi.

Hakikisha hivi. Kompresa ikiwa inazunguka, pima volti kwenye chanya na hasi za kisanduku, na mwenzako apime betri wakati huohuo. Tofauti ikizidi 0.5, tafuta kiungo chenye joto kuliko vingine, hasa kishikio cha fyuzi. Shaba ikiwa imeota ukijani, kata mpaka uone inayong'aa.

Kisha badilisha waya. Kwa volti 12, 4 mm² inafaa hadi mita 4, 6 mm² hadi mita 6, 10 mm² hadi mita 10. Wewe weka 6, chanya na hasi zote. Chukua wa nyuzi nyingi, maana ule mgumu wa nyumbani hukatikia ndani kwa mtikisiko wa mashine. Waya huo utoke kwenye betri moja kwa moja, usiupitishe kwenye swichi ya taa. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na kichwa chanya cha betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote.

Kisanduku kina mahali pa kufunga taa ndogo ya LED, kati ya + na D. Ifunge, ni msaada mkubwa: ikimweka mara moja kisha ikatulia, volti ni ndogo; ikimweka mara tatu, mota imeshindwa kuanza; mara tano, kisanduku kimepata joto kali. Kwa joto la Mtera hiyo ya mara tano si ajabu, kwa hiyo acha nafasi ya hewa nyuma ya friji.

Kuhusu betri: kompresa ikivuta ampea 4 kwa saa 14 za siku, hiyo ni Ah 56 (ampea mara saa). Betri ya maji ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, yaani Ah 50, la sivyo itakufa mapema. Paneli ya sola ya wati 200 kwa jua la huku inaweza kurudisha kiasi hicho kwa siku nzuri.

SWALI: Nina friji ndogo ya nyumbani na inveta ya wati 300. Naweza kuviweka kwenye mtumbwi nihifadhi samaki?
Msomaji, Hombolo

JIBU: Hapana. Kompresa ya nyumbani ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, na inveta hiyo itakata. Isitoshe, inveta inakula betri hata friji ikiwa imepumzika.

Hata friji ya volti 12 haikufai kwa samaki wengi. Kilo 20 zilizotoka majini zikiwa na joto zitaipa kazi ya usiku mzima, na huku wanaharibika. Tumia kasha lenye sponji nene ukutani na barafu iliyopondwa, kilo moja kwa kila kilo ya samaki, tabaka kwa tabaka. Toboa tundu chini, maji yaliyoyeyuka yatoke.