Maranda yetu hayabebwi: tuanzie wapi na manispaa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni mafundi seremala 14, karakana zetu zimepakana huku Pasua, Moshi. Kila mmoja analipa ada ya taka, lakini gari likifika vijana wanasema maranda si taka za nyumbani, wanayaruka. Tukichoma tunapigwa faini. Tunataka kuiandikia manispaa itupunguzie ada au itupe kizimba chetu wenyewe cha taka. Barua iweje? (Mwenyekiti wa kikundi)

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, barua hiyo isubiri kidogo. Ada ya taka imo kwenye sheria ndogo za halmashauri. Afisa mazingira hata akiwaonea huruma hawezi kuifuta kwa kalamu yake, lazima jambo lifike Baraza la Madiwani. Na kizimba mkipewa leo, mwezi haupiti mtakuta kimejaa pampasi za mtaa mzima.

Nami nikuulize: ndani ya magunia yenu mna nini? Nimeshafungua mengi ya namna hiyo. Juu unakuta maranda meupe ya paini, yananukia vizuri kabisa. Ukizamisha mkono unatoa unga wa MDF (mbao za kiwandani za nyuzi zilizogandishwa), vipande vya msasa, kopo la vanishi, misumari, sponji ya sofa na ganda la ndizi. Gunia hilo halina mteja duniani, wakati yale maranda ya juu yana mtu anayeyatafuta.

Kwa hiyo anzeni kutenganisha palepale kwenye mashine, si nyuma ya karakana jioni. Maranda ya randa, yakiwa makavu na ya mbao tupu, ni matandiko ya kuku wa nyama. Unga wa msumeno usiwape kuku, maana ni mwembamba, unawaingia puani na vifaranga huula. Huo upelekeni kwenye mabanda ya ng'ombe wa ndani huko juu vihambani, kwenye mashamba ya migomba. Watu huwa wanaumwaga moja kwa moja kwenye migomba, kisha wanashangaa majani kuwa ya njano. Sababu ni kwamba unga wa mbao una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, na vijidudu vinavyouozesha hufyonza naitrojeni ya udongo. Ukilaliwa na ng'ombe kwanza, ukanywa mkojo na kuchanganyika na samadi, ukaozeshwa, unarudi kwenye mgomba ukiwa mbolea.

Gunia la tatu ndilo la kuogopa: MDF, chipbodi, na mabaki ya mbao za dawa, zile za kijani za kuezekea. MDF ina gundi, na dawa ile mara nyingi huwa na aseniki. Visiende bandani wala jikoni kwa mama ntilie. Hivi ndivyo vya dampo kweli, na hapa ndipo mna haki ya kuidai manispaa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaipa jukumu la taka ngumu. Ombeni siku moja maalumu kwa wiki, sehemu moja ya kukusanyia. Mkandarasi wa kuzoa taka atakubali upesi zaidi akijua ni magunia matano, si hamsini.

Mtu mnayemhitaji zaidi pale halmashauri, kwa maoni yangu, si wa mazingira. Ni afisa mifugo wa kata. Yeye ndiye anayejua nani ameingiza vifaranga wiki hii.

Jambo jingine, kagueni misumeno. Meno yakila milimita 4, ukipasua mara 12 umegeuza unga karibu milimita 50 za upana, yaani papi nzima uliyoilipia. Msumeno butu au uliopindishwa meno vibaya hula zaidi. Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko hapohapo Moshi, kaulizeni kuhusu kunoa.

Diwani wenu anaweza kuwatajia Ufaransa, ambako tangu 2013 mnunuzi wa samani mpya hulipa tozo inayoonekana kwenye risiti, ya kukusanyia samani kuukuu. Msibishane naye, ila kwetu sofa kuukuu haitupwi, inavalishwa kitambaa kipya na kuuzwa tena. Samani zinazooza Moshi ni madawati nyuma ya madarasa. Fremu ya chuma nzima, ubao umekatika. Ombeni kazi ya kubadilisha mbao tu, na mfunge kwa bolti badala ya ribiti ili ubao ujao ubadilishwe kwa spana. Msiyabebe kwa maneno ya mwalimu mkuu peke yake, hata kama ni jirani yenu. Ni mali ya umma, pateni maandishi ya halmashauri.

Sasa barua. Kwa wiki mbili hesabuni magunia ya kila aina, karakana kwa karakana, kwenye daftari moja. Barua iwe ukurasa mmoja, nakala ya daftari nyuma yake, ipitie kwa mtendaji wa kata. Na matambara ya mafuta ya kung'arishia mbao yasikae kamwe kwenye gunia la maranda. Yakirundikana huchemka yenyewe hadi yawake. Yaanikeni yakauke moja moja.