Maswali ya Wasomaji: Je, wanaopinga vikwazo ni marafiki wa Urusi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori la mazutu kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi. Tangu vita vya Ukraine vianze, nasikia redioni kwamba Umoja wa Ulaya umeiongezea Urusi vikwazo, na muda si mrefu nasikia nchi fulani imekataa. Nchi 27 zinashindwaje kuelewana? Na hao wanaokataa, wamenunuliwa na Moscow? – Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, vikwazo vya Umoja wa Ulaya hupitishwa kwa kauli moja, na vile vya uchumi huongezewa muda kila baada ya miezi sita. Kwa hiyo serikali moja, hata ya nchi ndogo, inaweza kuwazuia wenzake 26 hadi ipewe inachokitaka, na mara nyingi huwa inapewa.

Chukua habari ya mafuta, unayoyajua kuliko mimi. Mwezi Mei 2022 Tume ya Ulaya ilipendekeza kuacha kununua mafuta ya Urusi. Hungaria, ambayo haina bahari na hupata mafuta yake kwa bomba la Druzhba, ilikataa. Baada ya mabishano ya karibu mwezi mzima, katazo lilipita mapema Juni kwa mafuta yanayosafirishwa kwa meli, na yale ya bomba yakaachwa. Slovakia na Cheki, zilizo kwenye bomba hilohilo, nazo zikanufaika. Dakika za mwisho Hungaria ikadai Patriaki Kirill wa Moscow aondolewe kwenye orodha ya watakaowekewa vikwazo, naye akaondolewa, ingawa sijui kiongozi wa kanisa anahusiana vipi na mapipa ya mafuta.

Urafiki upo, sikatai. Viktor Orbán, aliyekuwa waziri mkuu wa Hungaria, alikwenda Moscow kuonana na Rais Putin mwezi Julai 2024, siku chache tu baada ya nchi yake kushika uenyekiti wa zamu wa Umoja, na kampuni ya Urusi, Rosatom, ndiyo iliyopewa kazi ya kupanua kituo cha nyuklia cha Paks. Robert Fico, waziri mkuu wa Slovakia, naye alifika Kremlin, ikulu ya Urusi, Desemba mwaka huohuo. Lakini urafiki pekee hautoshi kukueleza mambo. Almasi za Urusi, kwa mfano, hazikuguswa hadi Januari 2024, na sababu kubwa ilikuwa Ubelgiji, ambayo hakuna anayeiita rafiki wa Putin: ilihofia kwamba biashara ya Antwerp, soko ambalo almasi za Mbuji-Mayi zinalijua vizuri, ingehamia Dubai.

Ubelgiji hiyohiyo ndiyo iliyosimama kidete mwaka 2025, wenzake walipotaka Ukraine ikopeshwe kwa kutegemea fedha za Benki Kuu ya Urusi zilizozuiwa. Sehemu kubwa ya fedha hizo iko Euroclear, kampuni ya kutunza mali za kifedha mjini Brussels, na serikali ya Ubelgiji iliogopa kubaki peke yake mbele ya mahakama Urusi itakaposhtaki. Desemba wakuu wa nchi wakaamua kukopa wao wenyewe euro bilioni 90 ili kuikopesha Ukraine, huku Hungaria, Slovakia na Cheki zikikaa nje ya mkopo huo. Kuhusu uzuiaji wenyewe wa fedha za Urusi, siku chache kabla ya hapo Umoja ulitumia kifungu cha mkataba kisichohitaji kauli moja, ili fedha hizo zisirudi mezani kila miezi sita. Hungaria na Slovakia zikapinga, na safari hii kura zao hazikutosha.