Nani alikushika mkono biashara ilipoyumba? Mimi alinishika mama ntilie na daftari lake

Wakuu habari za jioni. Mleta mada kauliza ukiacha ndugu zako nani alikushika mkono biashara ilipoyumba, na mtu akitaka kumsapoti msanii au mfanyabiashara mdogo wa mtaani kwake aanzie wapi. Nimesoma majibu ya juu, wengi mnasema nunua tu hata kama huna shida nacho, wengine mnasema mrushe kwenye status. Mimi nachora Tingatinga, mwaka wa 16 huu, ngoja niseme ya kwangu, itakuwa ndefu mnivumilie.

Michoro yenyewe mnaijua hata kama jina hamlijui, twiga shingo ndefu, chui, ndege wamejaa mti mzima, rangi zinawaka balaa. Mzee mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, akaja Dar akahangaika na vibarua mpaka akapata ajira hospitali ya Muhimbili, na uchoraji kauanza mwishoni mwa miaka ya 60 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kopo, ileile ya kupaka baiskeli, anauza Oysterbay pale Morogoro Stores. Alifariki 1972. Vijana aliowafundisha, wengi ndugu zake, ndo wakaendeleza, ushirika wa wachoraji ukaja 1990, na mpaka leo kazi inarithishwa hivyohivyo, mimi kanifundisha mjomba. Miezi ya mwanzo nilikuwa naosha brashi na kupiga nukta za chui tu (msizidharau nukta, ukizipanga vibaya chui anakuwa kama ana ukurutu).

Sasa ugonjwa wetu ni mmoja, mteja ni mgeni. Mbongo anapita anasimama anasema "kazi nzuri sana hizi, ila za wazungu" halafu huyo anaenda zake. Ikaja 2020, corona, Aprili ndege za nje zikasimamishwa, Mei 18 zikaruhusiwa, lakini ndege kuruhusiwa na mtalii kushuka na dola ni vitu viwili tofauti. Nilikaa wiki zinapita sijauza hata kile kipicha kidogo cha kuweka mezani. Fremu zimeegemea ukuta, vumbi linaingia, rangi kwenye kopo inaota ngozi juu.

Ninapokaa Mwananyamala kuna mama ntilie, ana meza mbili na mabenchi, mwavuli na masufuria yake. Wali maharage wakati ule 1,500. Siku nilipomwambia mama leo sina, hakusema kitu, akatoa daftari chini ya kapu la vitunguu akaandika juu "MCHORAJI" akachora mstari mmoja. Kila sahani mstari, ya tano anaikata kwa ulalo. Na cha kushukuru zaidi ni kwamba hakuwahi kunipunguzia. Wale mnaokopa chakula mnajua, sahani ya mkopo huwa inakuja maharage juu juu na ukoko. Yeye alikuwa ananipakulia kama mtu aliyelipa, tena mbele za watu, hakuna aliyejua nakula kwa mistari.

Mwezi wa nane mistari ikafika 79. Pigeni hesabu wenyewe, 118,500. Nilianza kupita njia ya nyuma nisimuone, kumbe ameniona, akamtuma mtoto aniite. Nikajua leo nadaiwa. Kufika akanionyesha kipande cha plaiwudi, anasema mwanangu nataka kibao, sahani ya wali na samaki, na pembeni uweke kuku anacheka. Nikamwuliza kuku anacheka kwa lipi wakati anapikwa, akasema we chora, ya kuku niachie mwenyewe.

Nikamtajia 60,000, na harakaharaka nikasema mama tusipeane hela, tukate kwenye deni. Akakataa katakata. Akasema, "Deni ni deni, utalipa ukipata. Hii ni kazi, nakupa hela ya kazi." Akafungua pindo la kanga akanihesabia 30,000 ya kuanzia, nyingine nikimaliza.

Hapa ndo nataka mpaelewe kama mnauliza sapoti ni nini. Angekata kwenye deni ningebaki na deni dogo na mikono mitupu, na zile kopo zangu zilizoota ngozi. Ile 30,000 nikashuka dukani nikachukua nyeupe, nyekundu, njano, nyeusi na brashi mbili, na kibao kilikula robo tu ya rangi. Iliyobaki ndo ikawa mtaji. Kazi yetu bila rangi mpya unakaa tu unaangalia ukuta, maana mchoro mmoja unapiga rangi ya chini kwanza, unasubiri ikauke mpaka kesho, ndo uweke mnyama, usubiri tena, ndo nukta. Ukiwa na kopo moja hufiki popote.

Kibao kikawekwa barabarani. Wiki hiyohiyo akaja mwenye saluni, akaja dogo wa bajaji anataka simba nyuma, akaja mwenye bucha anataka ng'ombe. Mkono wangu ni wa Tingatinga siwezi kuubadilisha, nikamchora ng'ombe kope ndefu, macho makubwa, maua mgongoni. Wateja wakawa wanasema kaka huyu ng'ombe wako mzuri mpaka tunaona huruma kumla. Jamaa alinuna siku mbili, mpaka aliposikia watu wanaelekezana "shukia pale kwa ng'ombe mrembo". Mpaka leo hajakubali nimfute.

Kumbe mteja wa Kibongo alikuwepo miaka yote, sisi ndo tulikuwa tumegeuza shingo Oysterbay tunasubiri basi la watalii. Twiga wa kuweka sebuleni hana shida naye, anataka biashara yake ionekane, na kwa hilo analipa.

Zipo na sapoti nyingine. Hoteli moja ya ufukweni, siitaji, ilichukua picha zangu 11 kwa mali kauli, yaani wauze kwanza ndo walipe, wanasema tunawapa wasanii wa nyumbani jukwaa. Mwaka ukaisha wakanirudishia 4 zimeota ukungu, 7 nikiuliza naambiwa meneja aliyekuwepo kahama. Na kuna washkaji, Mungu awabariki, anajenga nyumba anakuambia nichoree ukuta mmoja bure nitakupromoti. Fundi tofali kamlipa, fundi bomba kamlipa, maji ya kunywa ya mafundi kalipia, mimi ndo wa kupromotiwa.

Kwahiyo mleta mada, ukitaka kumshika mkono mtu wa hivi, mpe advansi, nusu au hata theluthi, maana hiyo ndo inanunua rangi au unga au uzi. Ukipunguziwa bei pokea ila usianze wewe kuomba bei ya kishkaji. Ukinunua picha njoo kwa anayechora, ukipitia kwa winga (dalali) huwezi kujua aliyechora amebaki na nini, na hakikisha jina lake lipo kwenye kona, ukiulizwa nani kachora uwe na la kujibu. Status rusha, sikatai, ila baada ya kulipa.

Deni la mama ntilie nililimaliza Machi 2021, vipandevipande, 5,000 leo 10,000 kesho. Siku ya mwisho alichana lile karatasi akafungia vitumbua vya mtu.

Kibao jua limekikula, kwahiyo mwaka jana nilienda na rangi zangu nikamwambia mama leo nakipaka upya, zawadi. Akaniangalia, akauliza, "Na wewe siku hizi wali unautaka wa bure?" Akaingiza mkono kwenye pindo la kanga.

Aliyeuliza hapo juu bei ya kibao cha saluni, pima ubao kwa futi na upige picha mlango wako jua likiwa linawaka, unitumie inbox.