Injini Isipowaka, Tazama Kwanza Wenzo Ulioko Kwenye Skrini

Jioni moja ya mvua, chumbani kwangu Nyegezi, niligeuza ufunguo wa ndege ndogo ya Cessna 172 kwa mara isiyohesabika; pangaboi lilizunguka, likakohoa mara moja, kisha likanyamaza. Ndege ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa Mwanza ndani ya kompyuta, nami nilikuwa nataka kuvuka ziwa hadi Bukoba kabla umeme haujakatika. Nilikwisha kuifuta simyuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege, na kuisakinisha upya, kazi iliyomeza kifurushi changu cha intaneti cha mwezi mzima, na tatizo lilibaki palepale.

Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa injini za mitumbwi kwenye mwalo wa Kirumba, alikuwa amekuja kunisalimia. Hajawahi kugusa simyuleta. Aliketi pembeni ya kitanda, akasikiliza, kisha akauliza, "Panga linazunguka?"

"Linazunguka, mjomba."

"Basi achana na betri. Mafuta yanafika?"

Nilimwonyesha wenzo wangu wa mchanganyiko (unaopima mafuta yanayochanganywa na hewa) uliokuwa mezani, nikiwa nimeusukuma hadi mwisho wa mbele. Hakuutazama. Alinyoosha kidole kwenye skrini, ambako kishikio chekundu kilikuwa kimevutwa nje kabisa kuelekea kwa rubani, mahali ambapo mafuta hukatwa. "Na hicho chekundu," akasema, "mbona hakikusikii?"

Chanzo kilikuwa hiki: kijiti changu cha kuongozea kina kitelezi kidogo kwenye kitako chake, ambacho sikuwa nakitumia, na simyuleta ilikuwa imekipangia kazi ya mchanganyiko bila kuniuliza. Nyenzo mbili zilikuwa zinatuma amri mbili kwenye kishikio kimoja, na kila kitelezi kilipotikisika kidogo, mafuta yalikatwa. Tangu siku hiyo, kabla ya kulaumu injini, huwa naingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, nasogeza kila wenzo mmoja baada ya mwingine, na kutazama ni kazi ipi inayoitikia. Kazi yoyote iliyopangiwa vifaa viwili, mpangilio mmoja naufuta. Wakati huohuo hugundulika pia wenzo uliogeuzwa, ambao ukiusukuma mbele kishikio cha kwenye skrini kinarudi nyuma. Nashauri vilevile kuzisogeza nyenzo zote mwanzo hadi mwisho kila ndege inapomaliza kupakiwa, kwa sababu mara nyingi simyuleta haijui wenzo uko wapi mpaka uguswe.

Swali la mjomba kuhusu panga ndilo ninaloanza nalo hadi leo, kwa kuwa linaigawa kazi mara moja. Panga lisipozunguka kabisa, tatizo ni la umeme wa stata, mota inayoizungusha injini wakati wa kuwasha: swichi kuu haijawashwa, au betri imekwisha kwa sababu redio na taa ziliachwa zikiwaka huku wewe ukisoma orodha ya ukaguzi. Panga likizunguka bila injini kushika, tafuta mafuta na cheche. Kiteuzi cha matangi kiwe kwenye matangi yote mawili, si kwenye kufunga. Na ufunguo, baada ya kuwasha, urudi kwenye magineto zote mbili, vifaa vinavyozalisha cheche. Wanaotumia swichi halisi za mezani waangalie hapo hasa, kwani nimeona ufunguo wa mezani ukisoma mbili huku ule wa skrini ukiwa umebaki kwenye kuzima. Magineto hutoa cheche zake zenyewe bila kutegemea betri, kwa hiyo betri dhaifu inaweza kukunyima mzunguko wa panga, lakini haiwezi kuzima injini ambayo tayari inanguruma.

Kosa langu la pili lilikuwa la mazoea. Cessna 172 za zamani zina kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini: mchanganyiko husukumwa mbele tangu mwanzo, na mafuta ya kuanzia huingizwa kwa pampu ndogo ya mkono. Toleo la baadaye, 172S, hunyunyiziwa mafuta bila kabureta, na utaratibu wake ni mwingine: pampu ya umeme huwashwa, mchanganyiko husukumwa mbele kwa sekunde 3 hadi 5 mpaka mtiririko wa mafuta utulie, kisha hurudishwa nyuma kabisa, pampu huzimwa, na ndipo stata hugeuzwa, injini ikishika, mchanganyiko unasukumwa mbele taratibu. Ukichanganya taratibu hizo mbili katika ndege ya simyuleta iliyoundwa kwa undani, injini inajaa mafuta. Wala usiishikilie stata bila kikomo: mwongozo wa 172S unaruhusu sekunde 10, mapumziko ya sekunde 20, na baada ya majaribio matatu mapumziko ya dakika 10.

Kwetu kuna jambo la ziada. Uwanja wa Mwanza uko takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mchanganyiko uliosukumwa hadi mwisho huifanya injini itetemeke ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na mgeni hudhani imeharibika. Vuta kishikio chekundu polepole mpaka mizunguko ipande kidogo, kisha kirudishe ndani kiasi.

Jioni ile hatimaye nilifika Bukoba, nikazima, nikanywa chai, na injini ikagoma tena ikiwa bado ya moto. Nikaijaza mafuta mengi kwa hasira. Mjomba, ambaye alikuwa bado yupo, alisema kwamba injini ya mtumbwi ikifanyiwa hivyo hufunguliwa hewa yote na kunyimwa mafuta. Ndivyo mwongozo wa ndege unavyosema pia: mchanganyiko nyuma kabisa, wenzo wa nguvu mbele kabisa, kisha stata. Panga lilizunguka kwa sekunde kadhaa, likashika kwa kishindo, nami nikavuta nguvu nyuma kwa mkono mmoja huku mwingine ukisukuma kile chekundu mbele, macho yakiwa kwenye skrini.