Bei Iandikwe Mwanzoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama cheti cha kozi ya bure ya mtandaoni kina uzito wowote mbele ya mwajiri. Waajiri watajibu wenyewe. Mimi nataka kwanza tuulizane hicho cheti cha bure kiko wapi, maana nyumbani kwangu Kimara kilisubiriwa na hakikuja.

Matangazo yenyewe mnayajua. Fungua Instagram ukiwa kwenye foleni ya asubuhi, kabla hujafika Ubungo umeshakutana nayo: kijana amevaa joho, anacheka, na pembeni pameandikwa "Soma bure, pata cheti cha kimataifa". Binti wa dada yangu alikuwa amemaliza diploma, anaishi kwangu, anatuma maombi Ajira Portal, mtandao wa ajira za serikali, na haitwi. Akajisajili kozi ya uchambuzi wa data kupitia tangazo la namna hiyo. Alikuwa anasoma usiku, kwa sababu bando la usiku ni nafuu na laptop ni yangu, mchana ninayo kazini. Video ikikwama anaianza upya. Alipofaulu jaribio la mwisho alimpigia mama yake Tanga, na kufikia jioni mtaa mzima kule ulikuwa na habari.

Jumamosi tukaenda wote steshenari moja ya Ubungo ili tukiprinti kwa rangi, kwenye karatasi ngumu. Alikaa kwenye kompyuta ya kijana wa steshenari, akaingiza nywila, akabonyeza palipoandikwa apate cheti. Ikaja bei: dola 49 za Marekani, zilipwe kwa kadi. Akarudi nyuma, akabonyeza tena. Bei ileile. Hiyo ni zaidi ya laki moja, na kadi ya benki hana. Nyuma yetu walikuwa wamesimama wanafunzi wa chuo na flashi zao mkononi, wanasubiri zamu. Akanigeukia akasema, "Mjomba, si waliandika bure?"

Kijana wa steshenari akainama, akatazama kioo, akamwambia kwa upole, "Dada, usijisumbue. Wengi wanaishia hapohapo. Asubuhi hii nimekuwa na mwingine." Kisha akashusha sauti. Angeweza kumtengenezea kinachofanana nacho kabisa, nembo na saini, kwa shilingi elfu tano. Hakuhitaji hata muda, alikuwa nacho tayari kwenye mashine, kazi ilikuwa kubadilisha jina na tarehe. Na wala hakuongea kama mhalifu. Alikuwa anamwonea huruma mtu aliyedhulumiwa.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Msichana amesoma kweli, amefaulu kweli, halafu anauziwa cheti cha uongo cha kitu anachokijua. Alikataa. "Hapana kaka, cha kweli kina namba ya kuhakikia, wataitafuta." Nikalipa pesa ya kompyuta tukaondoka. Lakini kile kielelezo hakikuwekwa kwenye mashine ile kwa ajili yake. Kuna waliokubali, na bahasha zao zipo mezani kwa hao waajiri mnaowauliza kuhusu uzito.

Mwanzoni haikuwa hivi. Coursera na edX, mitandao mikubwa ya kozi hizi, zote zilianza mwaka 2012, ya kwanza ikiasisiwa na maprofesa wa Stanford, ya pili na Harvard na MIT. Miaka ile mtu alifaulu kozi na kupewa cheti bila kulipa. edX ilikiondoa cheti hicho cha bure mwishoni mwa 2015. Sigombani na hilo, mitambo na walimu vina gharama. Ninachogombana nacho ni kwamba bei iliingia na matangazo hayakubadilika. Na wengi wanaoyasambaza wala si vyuo, ni watu wa kati wanaolipwa kamisheni kwa kila anayejisajili. Konda wa Mbagala akiita abiria "bure, bure" halafu akadai nauli mkifika Rangi Tatu, hatoki pale salama. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani tunayo. Kampuni ya Marekani iko mbali, sawa. Anayelirusha tangazo akiwa Sinza hayuko mbali. Aandike bei ya cheti kwenye tangazo lenyewe, na aiandike kwa shilingi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuwaambia vijana waachane kabisa na kozi hizi. Nashindwa kuiandika sentensi hiyo, kwa sababu binti mwenyewe yupo sebuleni sasa hivi anafunga hesabu za kikoba cha mke wangu. Ametengeneza jedwali linaloonyesha nani amechelewesha marejesho na kwa muda gani, jambo ambalo akina mama wale wamekuwa wakigombania kwenye daftari kwa miaka. Alijifunza kwenye kozi ileile. Masomo aliyapata bila kulipa, ukiacha bando.

Basi someni. Ila tafuta bei ya cheti kabla ya somo la kwanza, na kama wanataka namba ya kadi kwa ajili ya "siku saba za bure", jua siku ya nane wanakata. Coursera ina sehemu ya kuomba msaada wa ada, haionekani haraka, itafute. Cheti cha bure cha kweli pia kipo: Harvard wanakitoa kwa CS50, kozi yao ya utangulizi wa kompyuta, kupitia ukurasa wao wenyewe, kile cha edX ndicho cha kulipia. freeCodeCamp, tovuti inayofundisha kuandika programu za kompyuta, nao hawatozi.

Kuhusu uzito, mwenye duka la vipuri Kariakoo alimkalisha binti mbele ya kompyuta, akamwambia ampangie orodha ya stoo, akaridhika bila kuuliza karatasi. Anaanza kwa majaribio mwezi ujao. Lakini hilo ni duka la mtu binafsi. Serikalini wataendelea kudai cheti cha chuo kinachotambuliwa na TCU au NACTVET, wasimamizi wa vyuo nchini, na hilo nalo lingestahili kuandikwa pale pembeni ya yule kijana wa joho.