Ukitaka Kuchora Asili Yako, Tazama Kwanza Miwa ya Wifredo Lam

Kwa miaka kadhaa nilichora Wamaasai na machweo ya jua kwa kuwa wageni walinunua picha hizo, nami nikaamini kwamba ninaichora nchi yangu. Aliyenizindua ni Wifredo Lam, mchoraji wa Kuba aliyezaliwa mwaka 1902, ambaye baba yake alikuwa mhamiaji kutoka China na mama yake alikuwa na damu ya Kiafrika na ya Kihispania. Kijana akiniuliza aanzie wapi kuchora asili yake, humwelekeza kwenye picha yake moja, "La Jungla", iliyokamilika mwaka 1943 na iliyonunuliwa na jumba la makumbusho la New York mwaka 1945.

Itazame kabla ya kusoma maelezo yoyote. Jina linasema msitu, lakini mashina yale yenye pingili ni miwa, na miwa ile haikujiotea msituni: ilipandwa na kukatwa kwa mikono ya Waafrika waliouzwa utumwani na, baadaye, ya vibarua wa Kichina, yaani watu wa pande zote mbili za ukoo wake. Viumbe wenye nyuso za vinyago na nyayo kubwa mno wamesimama humo, wala huoni mwili unapokoma na shamba linapoanza. Juu, upande wa kulia, mkono umeshika mkasi.

Lam aliichora baada ya kurejea nyumbani mwaka 1941, akiwa ameishi Ulaya miaka 18 na kujifunza mengi kwa mchoraji Picasso, jambo ambalo halikumfanya mtumwa wa Ulaya. Mama yake wa ubatizo, Mantonica Wilson, alikuwa kuhani wa Santería, dini ya Kuba yenye asili ya Kiafrika, ambamo mtu anayepandwa na orisha, yaani roho ya kimungu, huitwa farasi. Ndiyo maana picha nyingi za Lam zina wanawake wenye vichwa vya farasi. Sisi Waswahili mtu wa namna hiyo tunamwita kiti. Neno kama hilo lina uzito kuliko nakshi yoyote ya kuazima, kwa hiyo yatafute ya kwenu.

Mimi nilirudi Tanga, kwenye mkonge ambao Wajerumani waliuleta kutoka Amerika mwaka 1893, na ambao babu yangu aliukata akiwa manamba. Kila nilipomchora babu akiwa mbele ya shamba, picha ilikufa. Nikaacha kumchora, nikachora majani peke yake kwa wiki nyingi, hadi siku moja bega lake likajitokeza katikati ya miiba.