Usufi niliolalia, na usufi niliochelewa kuujua

Utotoni kwetu Kibokoni, usufi ulikuwa ule wa godoro, pamba laini ya mti wa msufi. Maalim alipotaja masufi chuoni, nilidhani ni washona magodoro.

Kumbe usufi wa maalim ni njia ya Kiislamu ya kuusafisha moyo na kumkaribia Mungu. Wanavyuoni wengi hulirudisha neno hili kwenye suf, yaani manyoya ya kondoo kwa Kiarabu. Wachamungu wa karne za mwanzo walivaa nguo za manyoya zenye kukwaruza mwili. Dola ya Kiislamu ilikuwa imetajirika, nao waliogopa dunia isije ikawamiliki. Basra ilikuwa na Hasan al-Basri, aliyefariki 728, kisha Rabia al-Adawiyya, mwanamke aliyefundisha kumuabudu Mungu kwa mapenzi. Twarika zenye majina, yaani jumuiya za masufi wanaofuata njia ya sheikh mmoja, zilikuja baadaye sana. Qadiriyya imepewa jina la Abdul Qadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad 1166.

Mimi nilianzia pabaya. Miaka mingi nilibishana kuhusu maulidi, ni bidaa (uzushi katika dini) au si bidaa, na huku baada ya Isha nikisoma Ratibu al-Haddad, mkusanyiko wa dhikri na dua, kwa sauti kubwa bila kujua nisemacho. Usiku mmoja nikamuuliza maalim maana ya "Radhina billahi rabba", maneno tunayoyakariri mara tatu.

"Tumeridhika na Allah kuwa Mola wetu," akanijibu. Akanitazama. "Wewe umeridhika, mwanangu?"

Sikuweza kujibu. Wakati huo nilikuwa sisemi na ndugu yangu wa tumbo moja kwa ajili ya nyumba ya urithi, mwaka wa tatu.

Kwa hiyo ukitaka kuujua usufi, usianze na mabishano, wala na madufu. Anza na hadithi ya Jibril, pale Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu ihsani: umuabudu Allah kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, basi Yeye anakuona. Tasawwuf, yaani usufi, yote imo humo. Kisha chukua uradi mmoja tu, yaani dhikri ya kusomwa kila siku, uliza maana yake neno kwa neno, ukae nao.

Na tafuta mwalimu, lakini mtazame vizuri. Akikwambia kuwa yeye amefika daraja ya kutohitaji tena kuswali, ondoka. Junayd wa Baghdad, imamu wa njia hii, alishikilia kuwa haina mlango nje ya Qur'ani na Sunna. Akikuuzia siri kwa pesa, ondoka pia.

Nyumba ile bado hatujaigawa. Lakini siku hizi mimi na ndugu yangu husimama safu moja Isha, na Ratibu tunaisoma polepole.